Nyayo za Namba Nane

Tarehe 28 Machi 1902, Gilbert Newton Lewis, mwalimu wa kemia mwenye umri wa miaka 26 katika Chuo Kikuu cha Harvard, alichukua karatasi akachora michemraba. Kwenye pembe za kila mchemraba aliweka viduara vidogo, na kila kiduara kilisimama badala ya elektroni moja. Lithiamu ilipata kiduara kimoja, berili viwili, boroni vitatu, kaboni vinne, na hivyo hivyo mpaka florini, iliyopata saba. Mchemraba una pembe nane. Pembe ya nane ikishapata kiduara chake mchemraba umetimia, na atomu iliyotimia hivyo, kwa mawazo ya Lewis, haina tena haja ya kuungana na nyingine.

Hakuwa akiandaa makala ya kisayansi. Alikuwa na darasa la wanafunzi wanaoanza kemia, na alitaka njia ya kuwafafanulia mpangilio wa elementi. Mchoro ule hakuuchapisha wakati huo. Picha yake ilikuja kuonekana katika kitabu chake cha mwaka 1923 kuhusu valensi na muundo wa atomu na molekuli. Ukiitazama leo, kinachoshangaza zaidi ni kile ambacho hakimo. Michemraba haina kiini katikati, kwa sababu mwaka 1902 hakuna aliyejua kwamba atomu ina kiini. Mwanafizikia Rutherford alikuja kukitambua mwaka 1911. Elektroni yenyewe ilikuwa imejulikana kwa miaka mitano tu, tangu J. J. Thomson aipime huko Cambridge mwaka 1897. Lewis alipanga vitu ambavyo hakuna aliyewahi kuviona, ndani ya chombo ambacho umbo lake halikujulikana, na akapata hesabu sahihi.

Mwanafunzi yeyote aliyepita kidato cha pili au cha tatu, awe Tanga au Kisumu, amekutana na urithi wa karatasi hiyo. Amechora nukta kuzunguka herufi, amehesabu elektroni za ganda la nje, zile zinazoitwa elektroni za valensi, na ameandika kwenye mtihani kwamba atomu hutaka kuwa na elektroni nane. Nimeamua kufuata nyayo za namba hiyo kurudi nyuma mpaka ilikotoka, kwa sababu naamini tumeipokea kama amri ya maumbile wakati ilianza kama hesabu iliyotangulia sababu yake. Anayejua ilivyopatikana ataelewa pia kwa nini ilikuja kuvunjwa.

Njia inaanzia mbali na elektroni, kwa watu waliokuwa wakipima uzito wa vitu kwenye chupa. Mwaka 1852 Mwingereza Edward Frankland alichapisha utafiti wake juu ya kampaundi zinazounganisha metali na sehemu za vitu vya kaboni. Alikuwa ametengeneza kampaundi za zinki zinazowaka moto papo hapo zikigusana na hewa, kazi ya kutisha kwa mtu aliyekuwa na vyombo vya kioo na moto wa kawaida. Katika kuzipanga aliona jambo: nitrojeni, fosforasi, aseniki na antimoni, kila zinapoungana na elementi nyingine, hupenda kushika tatu au tano. Kila elementi ilionekana kuwa na uwezo wake wa kushika, uwezo wenye kikomo, na kikomo hicho hakikubadilika kwa kufuata aina ya kitu kilichoshikwa. Miaka sita baadaye August Kekulé na Archibald Scott Couper, kila mmoja kwa njia yake, walisema kaboni hushika nne, na hapo kemia yote ya vitu vya uhai ikaanza kuchoreka kwenye karatasi.

Halafu akaja Dmitri Mendeleev na jedwali lake la mwaka 1869. Hapa inafaa kutulia, kwa sababu hapa ndipo nane inapochungulia kwa mara ya kwanza. Chukua safu ya sodiamu mpaka klorini, utazame kila elementi inavyoshika oksijeni inapofika kikomo chake. Sodiamu hushika kwa moja, magnesiamu kwa mbili, alumini kwa tatu, silikoni kwa nne, fosforasi kwa tano, salfa kwa sita, klorini kwa saba. Sasa zitazame zile za mwisho zinavyoshika haidrojeni: silikoni nne, fosforasi tatu, salfa mbili, klorini moja. Jumlisha. Nne na nne, tano na tatu, sita na mbili, saba na moja. Kila mara ni nane. Mendeleev aliona jumla hiyo na akaitaja. Hakuwa na njia ya kujua inatoka wapi, na kwa hulka yake hakupenda kuwazia vitu vilivyo ndani ya atomu.

Jumla hiyo ilikuwa imekaa waziwazi kwenye jedwali, ila jedwali lenyewe lilikuwa na pengo ambalo hakuna aliyelijua. Lilikosa safu nzima ya wima. Safu hiyo ilipatikana kwa ukaidi wa mtu mmoja juu ya mzani.

Mwanafizikia Lord Rayleigh alikuwa akipima uzito wa gesi kwa uangalifu uliopita wa wenzake wote wa wakati wake. Nitrojeni aliyoipata kutoka hewani, baada ya kuondoa oksijeni, unyevu na kaboni dioksidi, ilikuwa nzito kidogo kuliko ile aliyoipata kwa kutumia amonia. Tofauti ilikuwa kama sehemu 1 katika 1,000. Mtu mwingine angeiita kosa la vipimo na kuendelea na maisha. Rayleigh alibadilisha njia ili tofauti ijitokeze zaidi, na ikakua ikafika sehemu 1 katika 200. Mwaka 1892 aliandika barua katika jarida la Nature kuomba msaada wa wanakemia. William Ramsay wa University College London aliingia kazini: alipitisha nitrojeni ya hewa juu ya magnesiamu iliyopashwa moto mpaka ikawa nyekundu, mara nyingi, magnesiamu ikiimeza nitrojeni kidogo kidogo. Kuna kitu kilibaki ambacho magnesiamu haikukitaka. Mistari ya mwanga wake haikufanana na ya elementi yoyote iliyojulikana.

Kumbe mtu alishakigusa zaidi ya miaka mia kabla. Mwaka 1785 Henry Cavendish alipitisha cheche za umeme katika hewa aliyoiongezea oksijeni ili kuiunguza nitrojeni yote. Kila alipomaliza kulikuwa na kipovu kilichogoma, na aliandika kwamba hakizidi sehemu 1 katika 120 ya nitrojeni. Leo tunajua gesi hiyo ni asilimia 0.93 ya hewa tunayovuta. Kwa vyombo alivyokuwa navyo, Cavendish alikaribia kiasi cha kumfanya mtu avue kofia.

Agosti 1894 Rayleigh na Ramsay waliitangaza argoni huko Oxford. Ramsay alitaka kujua itaungana na nini, akatuma kiasi chake Paris kwa Henri Moissan, mtu wa kwanza kuitenga florini, mwaka 1886. Florini ni gesi yenye ukali usio na mfano. Inashambulia karibu kila kitu. Moissan aliziweka pamoja, akazipitishia cheche, na hakuna kilichotokea. Mendeleev mwenyewe alisitasita kuikubali argoni kuwa elementi. Alidhani huenda ni atomu tatu za nitrojeni zilizoshikamana. Lakini ushahidi uliongezeka. Mwaka 1895 Ramsay alipata heliamu kwenye madini yenye urani, gesi ambayo mpaka wakati huo ilikuwa imeonekana katika mwanga wa jua tu, na mwaka 1898 yeye na Morris Travers wakapata kriptoni, neoni na zenoni. Familia nzima isiyoungana na yeyote. Valensi yake, yaani uwezo wake wa kushika, ikaandikwa sifuri.

Msomaji wa Tanzania ana sababu yake ya kuijali familia hiyo. Mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham walitangaza kuwepo kwa heliamu nyingi katika bonde la Rukwa. Heliamu hiyo imezaliwa ndani ya miamba ya kale sana, kutokana na kuvunjika polepole kwa urani na thori, na joto la volkano la Bonde la Ufa ndilo lililoisukuma itoke kwenye miamba hiyo. Kama ingekuwa gesi ya kuungana na vitu vingine, ingeishia kwenye madini palepale ilipozaliwa. Imefika karibu na uso wa dunia ikiwa heliamu tupu kwa sababu elektroni zake mbili zimeshikwa na kiini kwa nguvu kuliko elektroni za nje za elementi nyingine yoyote. Zingatia hiyo mbili. Heliamu haina nane, wala haikuwahi kuihitaji.

Turudi kwenye njia. Mwaka 1904, huko Breslau, mji ambao leo ni Wrocław nchini Poland, Richard Abegg aliichukua ile jumla ya Mendeleev akaihusisha na elektroni. Alisema kila elementi ina valensi ya kawaida na valensi ya upande wa pili, moja chanya na nyingine hasi, na zote mbili zikijumlishwa hutoa nane. Klorini inaweza kupoteza saba au kupokea moja. Abegg alifariki mwaka 1910 katika ajali ya puto, bado akiwa na umri wa miaka 41, na nadhani jina lake lingekuwa linatajwa zaidi madarasani kama angeishi kuona kilichofuata.

Lewis naye mwaka huo wa 1904 alikuwa ameondoka Harvard. Alikwenda Manila, Ufilipino, kusimamia ofisi ya vipimo na mizani ya serikali ya kikoloni ya Marekani. Michemraba yake ikalala. Mwaka 1905 alirudi Marekani kufundisha katika chuo cha teknolojia cha Massachusetts, na mwaka 1912 alihamia Berkeley, California, ambako alijenga mojawapo ya idara bora za kemia duniani. Huko ndiko mawazo ya zamani yalipoamka. Mwaka 1915 Mwingereza Alfred Parson, ambaye alikuwa amepita Berkeley, alichapisha nadharia yenye elektroni nane za kisumaku zilizopangwa kwenye pembe za mchemraba. Lewis aliona mtu mwingine anakaribia mlango ambao yeye aliufungua akiwa kijana.

Mwaka 1916, katika jarida la Chama cha Kemia cha Marekani, alichapisha makala yake kuhusu atomu na molekuli. Ndani yake kuna jambo ambalo Abegg hakuwa nalo. Kuhama kwa elektroni kunaelezea vizuri chumvi: sodiamu inaachia moja, klorini inapokea, moja inabaki na chaji chanya na nyingine hasi, nazo zinavutana. Lakini molekuli ya klorini yenyewe ina atomu mbili zinazofanana kabisa. Ipi imwachie nani? Na haidrojeni mbili? Lewis alijibu kwamba hakuna anayeachia. Atomu mbili zinaweza kuwa na elektroni mbili kwa pamoja, jozi moja inayohesabiwa pande zote mbili, na jozi hiyo ndiyo kile kimstari ambacho wanakemia walikuwa wamekichora kati ya herufi kwa zaidi ya nusu karne bila kujua ni kitu gani. Bondi ilipata mwili.

Na hapa mchemraba ukaanza kumsumbua. Michemraba miwili ikigusana ukingo kwa ukingo inashirikiana pembe mbili, yaani jozi moja: bondi moja. Ikigusana uso kwa uso inashirikiana pembe nne, jozi mbili: bondi maradufu, kama ya molekuli ya oksijeni. Lakini gesi ya nitrojeni ina bondi tatu kati ya atomu zake mbili, na asetilini inayowashwa na mafundi wa kuchomelea ina bondi tatu kati ya kaboni zake. Hakuna namna ya kuweka michemraba miwili ishirikiane pembe sita. Mwandishi mwenye majivuno angelificha tatizo hilo. Lewis aliliandika katika makala ileile, kisha akauvunja mchemraba wake: akazivuta elektroni nane ziwe jozi nne, kila jozi kwenye pembe moja ya umbo lenye nyuso nne za pembetatu. Maumbo mawili ya namna hiyo yanaweza kushirikiana pembe moja, mbili au tatu. Nitrojeni ikakaa sawa. Nampenda sana Lewis wa ukurasa huo, anayeuacha mchoro wake wa miaka 14 kwa sababu molekuli moja imeukataa.

Mwaka huohuo wa 1916, katikati ya vita kuu, Walther Kossel aliandika huko Ujerumani juu ya jambo hilohilo kutoka upande wa pili. Yeye alishughulika na elektroni zinazohama. Alionyesha kwamba atomu zilizo jirani na gesi zile ajizi kwenye jedwali hupoteza au kupokea elektroni mpaka zifanane nazo kwa idadi. Kossel hakuichukulia hali ya gesi hizo kuwa takatifu. Kwa kuangalia gharama ya kuzing'oa elektroni zao, alidokeza kwamba zile nzito, kriptoni na zenoni, huenda zikaungana na florini. Hakuna aliyelishika dokezo hilo kwa uzito.

Mawazo ya Lewis yalienea kwa mdomo wa mtu mwingine. Irving Langmuir, mtafiti wa kampuni ya General Electric huko Schenectady, alichapisha mwaka 1919 makala ndefu juu ya mpangilio wa elektroni, akaizunguka nchi akihutubia. Alikuwa msemaji hodari kuliko Lewis. Yeye ndiye aliyeyapa mambo haya majina tunayoyatumia mpaka leo, oktet na kovalensi. Alimtaja Lewis kama chanzo, hilo lisemwe wazi, lakini wasikilizaji wengi waliondoka ukumbini wakidhani nadharia ni ya Langmuir, na Lewis aliumia. Langmuir alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1932 kwa kazi nyingine, ya kemia ya nyuso za vitu. Lewis alipendekezwa zaidi ya mara 30 na hakuipata hata mara moja, wakati waliosoma au kufanya kazi Berkeley chini yake, kina Urey, Giauque, Seaborg na Libby, waliipata. Kwangu mimi hiyo ni dosari kubwa katika historia ya tuzo hiyo.

Katika mbio hizo za umaarufu, kuna jambo moja la Lewis lililopotea njiani, na ndilo ningependa lirudi madarasani. Katika kitabu chake cha 1923 alisema kanuni ya mbili ina msingi zaidi kuliko kanuni ya nane. Alijua vizuri kwamba nane ina waasi. Boroni katika kampaundi yake na florini inabaki na sita. Salfa iliyozungukwa na florini sita ina zaidi ya nane. Oksidi moja ya nitrojeni ina idadi witiri ya elektroni, haigawanyiki hata kwa jozi, na bado ipo. Kilicho cha kawaida karibu kila mahali ni jozi. Nane ni jozi nne zinapokutana. Vitabu vya shule vilichukua nane, vikaiacha mbili.

Sababu yenyewe ilikuja kutoka kwa wanafizikia. Niels Bohr alipanga elektroni katika maganda. Wolfgang Pauli, mwaka 1925, alionyesha kwamba elektroni mbili haziwezi kuwa katika hali ileile moja. Matokeo yake ni kwamba nafasi moja ndani ya atomu huchukua elektroni mbili, basi. Ganda la kwanza lina nafasi moja, ndiyo maana heliamu inatosheka na mbili. Ganda la pili lina nafasi nne, jumla elektroni nane. Kutoka ganda la tatu kwenda mbele nafasi ni nyingi zaidi, ila nne za mwanzo ndizo zinazojaa kwanza, na inayofuata hulazimika kukaa mbali, ikifunikwa na zile za ndani zisiihisi nguvu kamili ya kiini.

Tazama sodiamu kwa karibu. Ina elektroni 11: mbili, kisha nane, kisha moja. Kuing'oa ile moja ya nje kunagharimu kilojuli 496 kwa kila moli. Kuing'oa inayofuata, ambayo ni ya lile kundi la nane, kunagharimu 4,562. Kati ya elektroni ya kwanza na ya pili gharama imepanda zaidi ya mara tisa. Hiyo ndiyo nane, ukiitazama kwa macho ya mzani: ni mahali ambapo bei inaruka.

Lakini 496 nayo ni gharama. Sodiamu haitoi elektroni yake kwa hiari, na hapa ndipo maneno ya "atomu inataka" yanapompotosha mwanafunzi. Fanya hesabu kama ya duka. Kuitoa sodiamu kwenye metali yake iwe mvuke: 107. Kuitenganisha klorini kutoka kwa mwenzake: 121. Kuing'oa elektroni: 496. Umeshatumia 724. Klorini ikiipokea ile elektroni inakurudishia 349 tu. Umekaa na deni la 375, na kama mambo yangeishia hapo, kusingekuwa na chumvi duniani. Kinacholipa deni ni mvutano wa ioni zinapopangana, kila chanya ikizungukwa na hasi sita na kila hasi na chanya sita, mpaka kwenye punje unayoiona mezani. Mpangilio huo unarudisha 787. Ukitoa deni unabaki na faida ya karibu 412. Max Born na Fritz Haber ndio walioiweka hesabu ya namna hii wazi mwaka 1919. Sodiamu na klorini zimefika kwenye nane kwa sababu njia hiyo ndiyo iliyoacha faida. Ikiwa katika mazingira mengine njia nyingine italipa zaidi, zitaifuata hiyo.

Bondi ya jozi nayo ina hesabu yake. Mwaka 1927 huko Zürich, Walter Heitler na Fritz London walikokotoa nguvu inayoshika haidrojeni mbili. Elektroni zinapokuwa kati ya viini viwili huvutwa na vyote, na nishati jumla ya mfumo inashuka. Ili kuzitenganisha atomu hizo inabidi ulipe kilojuli 436. Kwa nitrojeni yenye jozi tatu bei ni 945, ndiyo sababu hewa iliyojaa nitrojeni haimsaidii mkulima moja kwa moja na viwanda vya mbolea vinahitaji joto kali na shinikizo kubwa.

Mwenye kuielewa bei ndiye aliyeuvunja ukuta wa nane. Linus Pauling alitabiri mwaka 1933 kwamba zenoni ingeungana na florini, na watu wawili wa chuo chake, Don Yost na Albert Kaye, walijaribu mwaka huo wakashindwa. Kushindwa kwao kulifanya imani ya nane iwe ngumu zaidi, mpaka Neil Bartlett, Mwingereza aliyekuwa akifundisha Vancouver, Canada, alipokutana na kitu cha rangi nyekundu ya chungwa katika vyombo vyake. Yeye na mwanafunzi wake walithibitisha kwamba ni kampaundi ambamo oksijeni imenyang'anywa elektroni na platinamu heksafloridi, gesi yenye njaa ya elektroni kupita kiasi. Oksijeni, ambayo kazi yake ni kuwanyang'anya wengine.

Mwanzoni mwa 1962, akiandaa somo, Bartlett alitazama mchoro wa gharama za kung'oa elektroni. Molekuli ya oksijeni: 1,175. Zenoni: 1,170. Namba hizo mbili zilikuwa zikichapishwa vitabuni kwa miaka. Ikiwa gesi yake iliweza kulipa ya kwanza, ilitosha kabisa kulipa ya pili. Alijenga chombo cha kioo, upande mmoja mvuke mwekundu wa platinamu heksafloridi, upande wa pili zenoni isiyo na rangi, na kizuizi chembamba katikati. Tarehe 23 Machi, Ijumaa jioni, alikivunja kizuizi hicho. Wanafunzi walikuwa wamekwenda kula. Alikuwa peke yake. Gesi zikakutana, na papo hapo unga wa njano ukatua kwenye kioo. Lewis alikuwa amefariki tarehe 23 Machi pia, mwaka 1946, akiwa kazini katika maabara yake ya Berkeley. Angependa kuuona unga ule kuliko yeyote.

Kabla mwaka 1962 haujaisha, watafiti wa maabara ya Argonne, karibu na Chicago, walikuwa wametengeneza floridi ya zenoni kwa njia ambayo mwanafunzi anaweza kuieleza kwa sentensi moja: zenoni na florini ndani ya chombo cha nikeli, nyuzi 400 za Selsiasi, saa moja. Ikatoka kama fuwele. Kriptoni ikafuata. Argoni, ile iliyomshinda Moissan, inadai kilojuli 1,521, na ilibidi isubiri mpaka mwaka 2000, wakati watafiti wa Helsinki walipoishikamanisha na haidrojeni na florini katika baridi ya chini ya nyuzi 240 hasi. Ukiipasha kidogo tu, inaachana. Neoni inadai 2,081 na heliamu 2,372, na mpaka sasa hakuna maabara iliyoweka mezani kampaundi ya kawaida ya yoyote kati ya hizo mbili.